Mama Aliyelenga Mbali

Huku Ugalla bunduki tumeizoea kwa uwindaji, hadi sehemu ya pori ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla mwaka 2019. Wengine hushindana kulenga shabaha tu. Mwaka 1930, huko Bisley, Uingereza, Marjorie Foster aliwashinda wanaume wote akatwaa Tuzo ya Mfalme, mwanamke wa kwanza. Duru ya mwisho hupigwa kutoka yadi 900 na 1,000, karibu kilometa nzima! Hapo upepo kidogo tu huipotosha risasi.

Washindani wa leo huziba masikio. Sisi wauguzi twajua sababu: usikivu ulioharibiwa na mlio haurudi. Wenye waume askari wa wanyamapori, waulizeni leo jioni kama masikio huwavuma.