Kweli au Si Kweli: Vijiji vya Rungwe Kabla ya Ujamaa

"Rungwe haikuwa na vijiji mpaka ilipokuja Operesheni Vijiji." Si kweli, na inauma kuisikia hata kwa watu wa huko huko. Mwalimu Nyerere alipotangaza mwishoni mwa 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima, katika mikoa mingine malori yalisomba watu na vyombo vyao. Wanyakyusa wengi, wenyeji wa Rungwe, hawakwenda mbali: walikwisha kubanana kwenye migomba na kahawa, na sheria ya 1975 ikaandikisha vijiji vyao palepale. Karibu miaka 100 nyuma, 1879, msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita huko akasifu usafi wa makazi yao.

"Tukuyu ndiyo boma la kwanza la Wajerumani huku." Hapana. Langenburg ya kwanza ilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Karibu 1900 walipanda mlimani wakajenga Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na Waingereza wakaitwaa Mei 1916.

"Kijiji cha zamani kilikuwa cha ukoo mmoja." Hili ndilo linalopotosha kuliko yote. Kijiji cha Kinyakyusa kilikuwa cha rika. Mvulana akifika miaka kumi hivi, aliacha nyumba ya baba yake akajenga kibanda pembeni pamoja na wenzake. Mchana alilima shamba la baba. Chakula walikula kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Wakioa, wake waliletwa hapohapo, na vibanda vikawa kijiji kamili. Baba na mwana hawakuwa wanakijiji wamoja. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walioishi nao miaka ya 1930 waliyaandika haya kwa kina.

Vijana wakishakomaa, wazee walifanya ubusoka: nchi ya malafyale, yaani chifu, iligawanywa kwa wanawe wawili, vijiji vikapangwa upya, na kila kijiji kikapewa mkuu ambaye hakuwa mtoto wa chifu. Vijana walikabidhiwa madaraka wazee wakiwa bado hai, jambo ambalo falme nyingi za Ulaya hazikulizoea.

"Basi serikali ya mkoloni iliupiga marufuku utaratibu huo." Hapana, kilichoumaliza zaidi ni ardhi. Watu waliongezeka, mibuni ikapandwa, na mbuni hukaa shambani miaka mingi. Kijana aliyerudi na fedha za machimbo ya dhahabu ya Lupa, au za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), hakukuta tena uwanda wa kujenga na rika lake. Akabaki kwenye shamba la baba, akangoja kurithi.