Umbo na Maana katika Njia ya Faili: Udhaifu Mmoja wa Programu za Tovuti

1.0 Utangulizi
Makala haya yanafafanua udhaifu wa kiusalama unaotokana na njia za faili katika programu za tovuti. Hoja yetu ni kwamba udhaifu huu, kimsingi, ni wa kiisimu: programu hukagua umbo la usemi, ilhali kompyuta hutekeleza maana yake.

2.0 Mfano wa Stakabadhi
Mkoani Mtwara, mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika zao la korosho mwaka 2007. Tuchukulie kwamba chama cha msingi kina tovuti ambamo mkulima huomba nakala ya stakabadhi yake kwa kutaja jina la faili. Programu hulitanguliza neno "stakabadhi/", ambalo ni jina la folda, kisha hutoa faili. Sasa, nukta mbili na mkwaju (../) humaanisha "toka, rudi folda ya juu". Mtu akiandika "../malipo/orodha", njia kamili huwa "stakabadhi/../malipo/orodha". Usemi huo unaanzia katika folda halali, lakini unaishia penye malipo ya wakulima wote. Ni kama mtu anayeruhusiwa kuingia ghalani, akatokea mlango wa nyuma hadi ofisini.

3.0 Suala la Tahajia
Kuzikataa nukta hizo pekee hakutoshi, kwani nukta ina tahajia nyingine, yaani %2e. Mnamo mwaka 2021, seva ya Apache toleo 2.4.49 ilishindwa kuitambua ipasavyo tahajia hiyo. Palipokuwa hapana kizuizi kingine, faili za nje zikasomeka. Toleo 2.4.50 lilikusudiwa kuliondoa kosa hilo, lakini tahajia iliyofumbwa mara mbili ikapenya. Hivyo basi, toleo 2.4.51 lilitolewa mwezi uleule wa Oktoba.

4.0 Hitimisho
Tumeona kwamba kufasiri hakuna budi kutangulie kukagua. Programu itafute kwanza njia halisi ya mwisho, ndipo ithibitishe kuwa ingali ndani ya folda iliyoruhusiwa. Lililo bora zaidi ni mtumiaji kutaja namba ya stakabadhi tu, na programu yenyewe ichague faili baada ya kuhakikisha kuwa ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai taarifa za watu zilindwe. Hata hivyo, mkulima wa Newala au Tandahimba hawezi kuikagua programu inayohifadhi jina na malipo yake; jukumu hilo ni la mwandishi wa programu.