NANI MWENYE UFUNGUO WA FAILI LETU?



Zamani orodha ya wanachama wa tawi ilikuwa daftari, na daftari lilifungiwa kabatini. Kila mmoja wetu alijua ufunguo anao katibu. Siku hizi orodha hiyo imo ndani ya kompyuta. Je, ufunguo anao nani? Swali hili si la mafundi peke yao. Mwajiri akiipata orodha kabla ya mgomo, atajua nani wa kumfukuza kwanza.

Tusiridhike na neno la karani kwamba faili limefungwa. Kompyuta yenyewe huulizwa, nayo hujibu. Tangu Windows NT ilipotoka mwaka 1993, kila faili na kila folda kwenye diski ya aina ya NTFS ina hati yake ya ulinzi. Hati hiyo humtaja mmiliki, na huwa na orodha ya ruhusa: nani asome, nani abadili, nani afute, nani akatazwe. Programu inayotaka kuijua hati hiyo huuomba mfumo kwa mwito uitwao GetFileSecurity. Kwa kawaida huomba mara mbili: kwanza huuliza hati ina ukubwa gani, ili iandae nafasi ya kutosha, kisha huipokea. Yaliyoandikwa ndani ya faili hayaguswi.

Sisi tusiotunga programu tunayo njia nyepesi. Katika dirisha la amri tuandike icacls, kisha jina la faili. Yatatokea majina, kila moja na herufi zake. R ni kusoma tu, M ni kusoma na kubadili, F ni mamlaka yote. Tukiona Everyone, maana yake kila mtu, tujue ruhusa hiyo imegawiwa wote.

Mafundi nao wasichanganye mambo mawili. Orodha ya ruhusa isiyo na jina hata moja humzuia kila mtu; lakini faili lisilo na orodha kabisa humruhusu kila mtu.

Tukumbuke mambo matatu. Kwanza, faili jipya kwa kawaida hurithi ruhusa za folda lilimowekwa, kwa hiyo tukague folda pia. Pili, faili likinakiliwa kwenye flashi ya aina ya FAT, ruhusa zote hubaki nyuma, na yeyote atakayeiokota ataisoma. Tatu, na hili ndilo kubwa, msimamizi wa kompyuta anaweza kujitwalia umiliki wa faili, kisha akajipa ruhusa.

Basi kama kompyuta ni ya mwajiri, na msimamizi wake ameajiriwa naye, hakuna orodha ya ruhusa itakayotulinda. Orodha ya wanachama na ikae kwenye mashine ya chama, chini ya watu tuliowachagua wenyewe, na kila mkutano wa tawi uulize: leo ufunguo anao nani?