Utangulizi: Kambi za Wapigania Uhuru na Wanaozisoma

Kwa mkazi wa Tonawanda au Buffalo, habari za namna wapiganaji wa msituni wa Afrika walivyofundwa kabla ya kuvushwa kwenda kupigana nyuma ya adui zinaweza kuonekana ni mambo ya mbali. Si mbali hivyo. Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, alihitimu Chuo cha Oberlin, Ohio, mwaka 1953, na chama kilipoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 alikuwa mwalimu wa chuo kikuu pale Syracuse, kama maili 150 mashariki ya Buffalo. Isitoshe, katika Buffalo, Louisville na Columbus wanaishi leo Wakongomani waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Ukiwa na bahati, jirani yako mzee anatoka Fizi, na atakayokusimulia hayamo maktabani.

Taaluma ya kambi hizi ni changa, kwa kuwa kambi zenyewe si za zamani. Mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliweka Kamati ya Ukombozi Dar es Salaam, na Tanganyika ikaanza kugawa ardhi kwa vyama vya ukombozi. Ardhi iliyopatikana ina kisa chake. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walikuwa wamefyeka mapori ya Kongwa na Nachingwea ili walime karanga kwa mashine. Mpango ukafa ndani ya miaka michache, ukaacha nyuma majengo na mashamba. Humo ndimo walimoingia wapigania uhuru: Kongwa kuanzia 1964, ambako FRELIMO walipakana na wenzao wa Namibia, Angola na Afrika Kusini, kisha Nachingwea, iliyokuwa ya FRELIMO peke yao na ambayo kamanda wao Samora Machel aliifanya kitovu cha jeshi lake.

Wasomaji wapya hupenda kuuliza kuhusu silaha: bunduki zilitoka wapi, wakufunzi walikuwa Wachina au Warusi. Ni maswali halali, lakini hujibika upesi na jibu lake halifiki mbali. Mimi humwelekeza mwanafunzi aanze na mzigo: nani alibeba?

Tazama Fizi, mashariki ya Kongo, mwaka 1965. Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika mwezi wa Aprili na Wakuba wachache kuwasaidia waasi wa huko, wengine wakafuata hadi wakazidi mia. Walijipa majina kwa namba za Kiswahili. Yeye mwenyewe alikuwa Tatu. Dar es Salaam alikuwa amewaambia viongozi wa vyama kwamba mpiganaji hafundwi ughaibuni bali vitani, na kwamba mafunzo yote yafanyike Kongo. Wengi hawakumwafiki. Alipofika milimani alikuta vijana waliotegemea dawa ya mganga iwakinge na risasi, wasiotaka kuchimba mahandaki, na ambao, wakipewa magunia wabebe, walijibu kwamba wao si motokari. Mwezi Juni shambulio dhidi ya ngome ya Bendera likashindwa. Novemba Wakuba wakavuka ziwa kurudi Kigoma.

Sasa tazama Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako vita vilianza Septemba 1964. Risasi zilivuka mto Ruvuma zikiwa vichwani mwa watu, wakatembea siku kadhaa porini. Walibeba wanavijiji, na baadaye wanawake wa kikosi kilichoanza kufundwa Nachingwea mwaka 1967, Josina Muthemba akiwa miongoni mwao. Kwa nini hawa walibeba na wale wakakataa? Wako wanaojibu kwa kutaja makabila au mila. Sikubaliani nao. Kule Fizi Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa waasi, alionekana mstari wa mbele siku chache tu, kisha akarudi Tanzania. Kuruti hakuwa na sababu ya kumbebea mzigo mkubwa asiyemwona. Nachingwea kamanda alilima shamba lilelile na kuruti wake, na raia wa kaskazini walikuwa wamekwisha kuona, Mueda mwezi Juni 1960, jinsi Wareno walivyojibu madai ya amani kwa risasi. Kwa hiyo Che alikosea kudhani suala ni mahali pa mafunzo. Kambi ya ng'ambo ya mpaka ilifaa sana, ilimradi wakubwa nao waishi humo.

Lakini tusiipambe Nachingwea. Mwaka 1975, wiki chache kabla ya uhuru wa Msumbiji, Uria Simango na wengine waliopingana na uongozi walisimamishwa hapo mbele ya umati wakiri usaliti, na baadaye wakauawa. Shule ile ya nidhamu ilikuwa pia mahali pa kuhukumiana, na mwanahistoria anayeruka ukurasa huo hajafanya kazi yake.

Kuhusu vyanzo: mradi uliopewa jina la Brigedia Jenerali Hashim Mbita, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi, ulitoa juzuu 9 mwaka 2014, na ndipo mahali pazuri pa kuanzia. Kumbukumbu za Che za Kongo zilichapishwa baada ya miongo mingi; zisome, ukikumbuka kwamba ni malalamiko ya mgeni aliyeshindwa na ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Ushahidi wa upande wa pili, wa wale waliosema si motokari, haujakusanywa ipasavyo. Waliokuwa vijana wakati ule wamepita themanini, na baadhi ya jamaa zao wako kando ya ziwa jingine, Erie. Nenda na kinasa sauti, uamkie kwanza, uulize habari za mizigo kabla ya kuuliza habari za bunduki.