Usipoziba Ufa wa Bampa

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hao hawakuwa na magari, lakini neno lao limefika hadi kwenye gereji za jua kali hapa Nakuru. Pita huko siku yoyote, utaona bampa zimening'inizwa kama nyama buchani, nyingine zimeshonwa kwa waya kama kiatu kikuukuu. Hebu leo tuelezane ufa huo hutoka wapi, na kwa nini bampa iliyotengenezwa leo hupasuka tena palepale baada ya wiki mbili.

Kwanza tujue chanzo. Magari yetu mengi huletwa kutoka Japani yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa, na yakishafika huzunguka hapa miaka mingine mingi. Nakuru nayo iko karibu na ikweta, tena juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Huku miale ya jua ni mikali sana. Plastiki ni minyororo mirefu ya molekuli, na miale hiyo huikata minyororo hiyo kidogo kidogo. Ndiyo maana vipande vyeusi visivyopakwa rangi hugeuka kijivu mapema. Plastiki iliyokuwa ikipindika kama fimbo mbichi hukauka ikawa kama kuni. Kisha gari ligonge tuta, au lirudi nyuma likutane na mlingoti: kwacha! Ufa huo.

Sasa tuje kwenye dawa. Hapa wengi hupotea njia kwa kudhani kuwa plastiki zote ni moja. La hasha! Geuza kipande upande wa ndani, futa vumbi, kisha utafute herufi zilizopigwa chapa. Ukiona PP, hiyo ni polipropilini, ambayo ndiyo ya bampa nyingi. Ukiona ABS, hiyo ni plastiki ngumu, ya grili nyingi na mapambo.

Polipropilini si ya zamani sana. Giulio Natta wa Italia na wenzake waliitengeneza mwaka wa 1954, na mwaka wa 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yao juu ya plastiki za namna hii. Tabia yake moja ni kukataa kushikana na vitu. Gundi nyingi za dukani huteleza juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. ABS ni tofauti, kwani huyeyuka katika asetoni. Vipande vyake vikilowekwa humo huwa uji mzito unaoziba ufa barabara. Lakini ukiupaka uji huohuo kwenye PP, ukikauka utabanduka kama ganda. Kumbe fundi hakukosa bidii, alikosa kusoma herufi mbili!

Ufa wa PP huponywa kwa joto, hivi:

1. Osha bampa kwa sabuni, uikaushe kabisa.
2. Toboa tundu dogo penye mwisho wa ufa. Nguvu zote hukusanyika kwenye ncha ya ufa, na tundu la mviringo huzitawanya, hivyo ufa hukoma kutembea.
3. Anzia upande wa ndani. Kwa chuma cha kulehemu cha umeme, kama kile cha mafundi wa redio, zamisha wavu mwembamba wa waya ndani ya plastiki.
4. Upande wa nje, chonga mfereji wenye umbo la V kufuata ufa. Ujaze kwa ukanda wa PP uliokatwa kwenye bampa iliyokwisha kazi. PP huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi. Ikianza kufuka moshi, ujue unaiunguza.
5. Ikipoa, piga msasa, paka praima ya plastiki, halafu rangi.

Na wale wanaoshona kwa waya, je? Si wajinga. Mshono hushika, ni wa haraka na ni wa bei nafuu. Ila kila tundu la waya laweza kuzaa ufa mwingine.

Jihadhari pia na afya. Moshi wa plastiki hudhuru mapafu, nayo asetoni hushika moto upesi. Fanya kazi mahali pa wazi, upepo ukutoke mgongoni, na moto uwe mbali na asetoni.

Jambo la mwisho ni uaminifu. Kuna wanaojaza pati juu ya ufa, wakapiga rangi ikang'aa, na mteja akalipa akiwa na furaha hadi tuta la kwanza. Tena bampa ya plastiki ni ngozi tu. Nyuma yake kuna mhimili unaopokea kishindo. Ukiwa umepinda, kurembesha ngozi ni kumdanganya mtu kuhusu usalama wake. Fundi wa kweli humwonyesha mwenye gari kabla ya kupokea pesa.

Wengi wetu tumelelewa kwa pesa za jua kali, na baadhi yetu tutafanya kazi hukohuko. Kemia tunayokariri darasani ndiyo hiyo iliyo kwenye bampa. Plastiki nayo haiozi: inayotupwa huenda kulala jaani Gioto miaka na miaka. Basi, ukiona ufa usikimbilie gundi. Geuza kipande kwanza, ukisome.