Udongo Mweusi na Chupa ya Maji

Paukwa? Pakawa!

Basi kule nyanda za Athi, kutoka Embakasi hadi Kitengela, anaishi mkaidi mmoja aitwaye Udongo Mweusi. Mvua ikinyesha, hunywa maji akavimba. Jua likiwaka, husinyaa akapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukimjengea nyumba mgongoni bila kumjua tabia, ataiinua masika na kuishusha kiangazi mpaka ukuta uanze kuchanika kwenye pembe ya dirisha. Wajenzi wengi humchimba wakamtoa wote, kisha wakaleta mawe na changarawe kwa malori. Gharama yake si mchezo.

Sasa sikilizeni siri ya udongo. Ukiukandamiza, huvumilia, ukiuvuta, hukatika papo hapo. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana walichanganya nyasi kwenye udongo wa matofali. Miaka ya 1960, mhandisi Mfaransa Henri Vidal alilaza kanda za chuma ndani ya kifusi na kusimamisha kuta ndefu. Lakini nyasi huoza na chuma hushika kutu. Chupa ya plastiki haiozi upesi. Tabia hiyohiyo tunayoilaani ufukweni, hapa inafaa!

Chupa huoshwa, hukatwa mdomo na kitako, kisha kiwiliwili chake hukatwakatwa vipande vyembamba. Vipande huchanganywa na udongo wenye unyevu kiasi, ukashindiliwa barabara. Hakuna gundi wala moto. Chembe za udongo hubana kila kipande pande zote, kwa hiyo ufa ukitaka kufunguka, lazima kwanza ukichomoe. Hakitoki kirahisi.

Je, tutie plastiki tele? La hasha! Majaribio mengi huonyesha nguvu ikipanda kwa nusu kilo hadi kilo moja hivi katika kila kilo 100 za udongo. Ukizidisha, plastiki hugusana na plastiki, hapo ni kuteleza tu.

Maabara ndiyo huamua. Udongo hushindiliwa ndani ya silinda ya chuma na kulowekwa majini siku 4. Kisha nguzo ya chuma yenye kipenyo cha kama milimita 50 husukumwa ndani yake polepole mno, milimita 1.27 kwa dakika, huku mashine ikisoma nguvu inayohitajika. Kipimo hicho kilibuniwa California, Marekani, na wajenzi wa barabara hukitumia hadi leo.

Ila msidhani mkaidi wetu ameacha kunywa maji. Plastiki humshika asitawanyike. Kiu yake hasa hutulizwa kwa chokaa. Tena mmomonyoko ukivifukua vile vipande, huwa taka upya, safari hii vidogo visivyookoteka. Kwa hiyo msivipeleke kingo za mito. Mimi ningevifukia chini ya barabara iliyofunikwa vizuri, na kwa msingi wa nyumba ningemwita mhandisi kwanza.