Kabla ya kununua nyumba, tazama nyuma ya kabati

Jumamosi moja ya Februari, mimi na mume wangu tulikwenda Embakasi kutazama nyumba. Ilikuwa imepakwa rangi mpya, inang'aa. Mwenyewe, mzee mcheshi, alitukaribisha chai. Ni mtoto wetu aliyeuliza kwa nini mlango wa chumba cha kulala haufungiki. Mzee akacheka, akasema mbao zimevimba kwa mvua. Mvua gani, na jua lilikuwa likiwaka?

Mume wangu akachungulia nyuma ya kabati. Huko rangi haikufika. Ufa ulipanda kama ngazi kutoka sakafuni hadi pembe ya dirisha, na kalamu iliingia ndani yake. Akiba yetu ya miaka tisa ilikuwa karibu kutumbukia humo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakumfikiria muuzaji anayeziba ufa ili usiuone!

Sehemu nyingi za mashariki na kusini mwa Nairobi, hadi Kitengela, zina udongo mweusi unaonata viatuni. Ukinywa maji huvimba. Ukikauka hunywea na kupasuka. Mjenzi mwaminifu huuchimba wote mpaka afike kwenye ardhi ngumu, ndipo aweke msingi. Anayekwepa gharama hiyo humwachia mnunuzi nyumba inayopanda na kushuka kila msimu.

Si kila ufa ni hatari. Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni plasta tu iliyokauka. Jihadhari na ule unaokwenda mshazari kutoka pembe za milango na madirisha, ulio mpana upande mmoja, au unaozidi milimita 5. Angalia pia sakafu iliyoinama, maji ya paa yanayomwagika kando ya msingi, na mikaratusi iliyo karibu na ukuta. Ukiweza, rudi baada ya mvua.

Kisha mwite mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, utakayemlipa wewe, si muuzaji. Akisema nyumba inarekebishika, gharama hiyo ipunguzwe kwenye bei, na mapatano yaandikwe.

Wengi hujifariji kwamba bima italipa. Bima ya nyumba kwa kawaida hufidia hasara ya moto, radi au mabomba yaliyopasuka. Kudidimia kwa ardhi mara nyingi huachwa nje, au huongezwa kwa malipo zaidi. Hata hivyo, bima ni ya balaa ambalo halijatokea. Usitarajie kulipwa kwa ufa ulioukuta ukutani. Ukiuficha kwenye fomu, kampuni inaweza kukataa dai lako lote. Soma mkataba, uliza swali hilo waziwazi, na udai jibu la maandishi kabla ya kulipa.

Na kama umekopa benki, kumbuka: nyumba ikihamwa, mkopo hauhami.

Haya si mambo ya fedha pekee. Aprili 2016, jengo la ghorofa mtaani Huruma liliporomoka usiku wa mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafa. Jengo hilo lilikuwa limeshawekwa alama ya kubomolewa.

Sisi tulimshukuru mzee kwa chai, tukaenda zetu. Bado tunapanga nyumba, lakini mlango wetu unafungika.